Diski Zinapopata Joto

Mafundi wa elektroniki wana kanuni moja wanayorithishana bila kuihoji: joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kifaa hukatika nusu. Asili yake ni mlinganyo ambao mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, aliutoa mwaka 1889 kueleza kwa nini kemikali huathiriana upesi zaidi zikipashwa moto. Kwa zile kapasita za mviringo zinazovimba kichwa kwenye bodi za kompyuta za zamani, kanuni hii hutabiri vizuri sana. Tatizo ni kwamba iliachwa itembee. Ilitoka kwenye kapasita ikaingia kwenye hadi diski (hard disk), ikafika mpaka kwenye SSD, zile diski za chipu tupu, na kila ilipopita iliacha imani ileile: diski baridi ndiyo diski salama.

Imani hiyo imekula fedha nyingi za watu. Zipo ofisi ambazo chumba cha seva kina baridi kiasi kwamba fundi huingia na sweta, huku bili ya umeme ikimtoa mhasibu jasho. Wapo vijana waliojaza feni kwenye kasha la kompyuta hadi chumba kikanguruma kama mashine ya kusaga, ili tu diski ishuke kutoka nyuzi 41 hadi 34. Upo pia ushauri wa kuitia hadi diski iliyokufa kwenye friza usiku kucha, ati asubuhi itaamka. Huo nitaufikia. Kwanza tuangalie kilichotokea watu walipoacha kubahatisha wakaanza kuhesabu. (Nyuzi zote katika sura hii ni za Selsiasi.)

Februari 2007, wahandisi watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walifika mbele ya wataalamu wa hifadhi ya data mjini San Jose, California. Mji wenyewe una historia na jambo hili. Hapo ndipo IBM walipounda diski ya kwanza ya kibiashara, RAMAC, iliyotoka mwaka 1956 ikiwa na sahani 50 zenye upana wa sentimita 61 kila moja, uzito unaozidi tani, na nafasi ya herufi milioni 5 hivi, kiasi cha wimbo mmoja. Nusu karne baadaye, wahandisi hawa watatu walikuwa na kumbukumbu za hadi diski zaidi ya 100,000. Hazikuwa diski za bei mbaya za kibenki. Nyingi zilikuwa za daraja lilelile linalouzwa kwa mtu wa kawaida dukani, na Google ilikuwa ikizipima joto mara kwa mara wakati zikifanya kazi.

Walitarajia kuona mstari unaopanda: joto zaidi, vifo zaidi. Hawakuuona. Diski zilizofanya kazi kwenye ubaridi, chini ya nyuzi 30, ndizo zilizokuwa zikifa zaidi kuliko zile za katikati. Vifo vilipungua joto lilipokaribia nyuzi 40, kisha vikaanza kupanda kidogo tu lilipozidi sana. Kwa diski zilizotimiza miaka mitatu na kuendelea, hapo ndipo joto la zaidi ya nyuzi 45 lilipoonyesha makali yake. Kwa changa, joto la wastani halikuwa jambo la kukosesha usingizi. Hitimisho lao lilikuwa la tahadhari: katika viwango vya kawaida vya joto, yapo mambo mengine yanayoua diski kwa nguvu zaidi.

Habari ilienea haraka, na kama kawaida ya habari zinazovunja imani, ilienea ikiwa imepinda. Watu wakaanza kusema joto halina madhara kabisa. Google hawakusema hivyo. Diski zao zilikaa kwenye vyumba vilivyotunzwa, ambako kufika nyuzi 60 lilikuwa jambo adimu. Huwezi kuchukua matokeo ya chumba kile ukayapeleka kwenye rekoda ya kamera za CCTV iliyofichwa juu ya dari, chini ya bati, Mbagala, saa nane mchana.

Mwaka 2014 kampuni ya Backblaze, inayohifadhi data za watu kwa malipo, ilichapisha hesabu za diski zake zaidi ya 34,000 na kuona vivyo hivyo: isipokuwa kwa muundo mmoja wa diski, joto na vifo havikuwa na uhusiano wa maana. Lakini mwaka mmoja kabla yake, Sriram Sankar na wenzake wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Virginia walikuwa wametoa matokeo yanayokwenda kinyume. Wao waliona uhusiano mkubwa. Siri ilikuwa mahali walipotazama. Walichunguza makasha yenye diski nyingi zilizopangwa safu kwa safu, ambamo hewa huingia mbele ikiwa baridi na kufika nyuma ikiwa imekwisha kupashwa na diski zote ilizozipita. Diski za safu ya nyuma ziliishi maisha ya moto zaidi kuliko zile za mbele, na zikafa zaidi.

Mimi sioni ugomvi hapo. Tafiti za Google na Backblaze hazikuona sababu ya kuhangaika katika joto la kawaida, na ule wa Microsoft unaonyesha kinachotokea diski inapokaa kwenye joto kubwa zaidi kwa muda mrefu kwa sababu hewa inayoifikia imekwisha kupashwa. Kinachobishaniwa ni kilichopo pembezoni. Lakini kwetu sisi tunaoishi karibu na Bahari ya Hindi, utafiti wenye uzito zaidi ulikuwa bado haujatoka.

Ulitoka mwaka 2016. Ioannis Manousakis wa Chuo Kikuu cha Rutgers, pamoja na watafiti wa Microsoft, walikusanya kumbukumbu za diski zinazofikia milioni moja katika vituo tisa vya data vya Microsoft vilivyoko kwenye hali mbalimbali za hewa. Baadhi ya vituo hivyo vilipozwa kwa hewa ya nje tu, bila viyoyozi vikubwa. Karibu vifaa tisa kati ya kila kumi vilivyoharibika katika vituo hivyo vilikuwa diski. Na walipotafuta mkosaji, hawakumkuta kwenye kipimajoto. Walimkuta kwenye unyevu. Vituo vyenye hewa nyevu vilipoteza diski zaidi, na tena sehemu iliyoharibika mara nyingi haikuwa sahani wala vichwa, bali saketi na viunganishi, yaani zile sehemu za chuma chembamba zinazoliwa na kutu polepole.

Mtu wa Tanga, Lamu au Muscat anajua hili bila kusoma utafiti wowote. Bawaba hushika kutu, chumvi huloa, vitabu huota ukungu. Lakini mtu huyohuyo akiona kompyuta inasumbua husema ni joto, kwa kuwa joto analihisi kwenye ngozi na lina namba kwenye skrini, na unyevu hauna. Kompyuta karibu zote zina kipimajoto. Zenye kipima unyevu ni chache mno.

Tuingie sasa ndani ya hadi diski yenyewe, kwa sababu bila kuona kilichomo ni vigumu kuelewa kwa nini ubaridi nao una ubaya wake. Ndani mna sahani za kioo au alumini zilizopakwa tabaka la sumaku, zikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kinachosoma na kuandika. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wake, kwenye nafasi ya nanomita chache tu, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Sahani hupanuka kidogo zikipata moto na kusinyaa zikipoa, na mkono unaoshika kichwa hufanya vivyo hivyo. Diski hujirekebisha wakati wote kufuata mabadiliko hayo. Ekseli huzunguka ndani ya mafuta membamba sana, na mafuta hayo huwa mazito yakipoa, hivyo mota ya diski baridi hulazimika kufanya kazi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Diski za kisasa zina hita ndogo mno ndani ya kichwa chenyewe. Umeme ukipita humo, ncha ya kichwa huvimba kwa nanomita kadhaa na kuisogelea sahani kwa usahihi ambao hakuna mkono wa binadamu ungeweza kuufikia. Joto, katika kiwango hicho, ni kifaa cha kazi. Na sasa limepandishwa daraja: mwaka 2024 Seagate ilianza kupeleka kwa wateja wake wakubwa diski ambazo hutumia leza kupasha kidoa kidogo cha sahani hadi zaidi ya nyuzi 400 kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ili data iandikike hapo, kisha kidoa hicho kipoe mara moja. Diski inayojichoma kila inapoandika! Kwa kasha lake hata hivyo, mtengenezaji bado anakutaka usizidishe nyuzi 60.

Hiyo 60 ndiyo namba ya kukumbuka kwa hadi diski nyingi. Watengenezaji huruhusu kazi kati ya nyuzi 5 hivi na 60. Lakini kwenye karatasi hiyohiyo ya maelezo, chini kidogo, huwa kuna mistari miwili ambayo wasomaji huiruka. Mmoja unasema joto lisibadilike kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi kwa saa wakati diski inafanya kazi. Wa pili unasema unyevu wa hewa unaruhusiwa kufika asilimia 90 au zaidi, mradi maji yasitonye. Mstari huu wa pili ndio unaokiukwa kila siku pwani.

Chukua siku ya kawaida ya mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa inaishia, Dar es Salaam au Mombasa. Hewa ina nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75. Katika hali hiyo, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi kitatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji na kuwekwa barazani. Ofisi yenye kiyoyozi kilichowekwa kwenye 20 imejaa vitu vya namna hiyo. Diski ya nje iliyolala mezani humo mchana kutwa, ukiitia mfukoni, ukapanda daladala, ukafika nyumbani na kuichomeka papo hapo, huenda umeichomeka ikiwa na utando wa maji kwenye saketi zake, hata kama macho hayaoni kitu. Na si saketi tu. Hadi diski za kawaida hazijazibwa kabisa. Zina tundu dogo lenye chujio, ambalo husawazisha shinikizo la hewa ya ndani na ya nje, na karibu nalo wameandika kwamba lisizibwe. Hewa nyevu hupita hapo.

Dawa yake haina gharama. Iache diski ndani ya begi au mfuko uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba kipya, saa moja au zaidi, ndipo uifungue na kuiwasha. Ikiwa mfuko umefungwa, maji yatatonya juu ya mfuko badala ya juu ya diski.

Sasa ule ushauri wa friza unajionyesha wenyewe. Unachukua kifaa ambacho vichwa vyake vinaelea nanomita chache juu ya sahani, unakipoza hadi chini ya sifuri, kisha unakitoa kwenye hewa ya pwani na kukiwasha. Ukungu wa maji unaojitengeneza kwenye sahani una matone makubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Ushauri huu ulianza zamani, diski zilipokuwa na uwazi mkubwa zaidi na ubovu wa aina nyingine, na waliofanikiwa walisimulia kwa sauti huku walioua data zao wakinyamaza. Kama diski ina picha pekee za harusi ya mama yako, usiitie kwenye friza. Izime, usiiwashe tena, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Kutoka hapa tunafika kwenye jambo linalowashangaza watu. Katika hewa nyevu, diski inayofanya kazi na kupata joto kiasi iko salama kuliko ile iliyozimwa. Hewa iliyo karibu na kifaa chenye nyuzi 42 hukauka, kwa sababu hewa ileile ikipashwa unyevu wake wa uwiano hushuka. Seva inayozimwa kila jioni pamoja na kiyoyozi, madirisha yakafunguliwa, hupoa usiku ikinywa unyevu, kisha asubuhi huwashwa ghafla kwenye baridi kali. Kama una hiari, kiache kiyoyozi kwenye nyuzi 25 au 26 mchana na usiku kuliko kukiweka 18 mchana na kukizima usiku. Chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa cha Marekani, ASHRAE, ambacho mapendekezo yake hufuatwa na vituo vya data duniani, kilipandisha kiwango chake cha juu cha hewa inayoingia kwenye seva hadi nyuzi 27 tangu mwaka 2008. Ule ubaridi wa sweta hauhitajiki.

Nairobi ina mkasa wake tofauti, mdogo. Hali ya hewa ni ya kupendeza, unyevu si tishio sana, lakini mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Feni ileile huko hubeba joto pungufu kidogo. Diski nyingi huruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,000 na ushei, kwa kuwa juu zaidi ya hapo hewa ya kukiinua kichwa haitoshi. Mkazi wa Nairobi yuko salama. Anayepanga kupeleka hadi diski ya kawaida kwenye kambi za juu za Kilimanjaro abebe SSD.

SSD ni mnyama mwingine kabisa, na kosa kubwa ninaloliona ni kuitibu kwa kanuni za hadi diski. Haina sahani, haina mota, haina kichwa. Ina chipu za kuhifadhi, ambazo hunasa elektroni kwenye vichumba vidogo mno, na chipu moja ya kudhibiti, ambayo ni kompyuta ndogo inayopanga kazi yote. Kinachopata moto zaidi ni hicho kidhibiti. Kwenye SSD za SATA, zile za kasha bapa la inchi mbili na nusu, joto mara chache huwa tatizo. Kwenye NVMe, ule ubao mwembamba wenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80 unaochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, joto hupanda ndani ya sekunde chache ukinakili faili kubwa. Nyuzi 65 wakati wa kazi nzito ni kitu cha kawaida. Ikikaribia 80, kutegemea mtengenezaji, ubao hujilinda kwa kupunguza kasi yake wenyewe. Mtumiaji huona faili iliyoanza kwa mbio ikishuka mwendo, halafu hulaumu virusi.

Kushuka huko si ugonjwa. Diski imeundwa ijilinde, na ikijilinda mara moja moja hakuna kilichoharibika. Kama inajilinda kila siku, hapo hewa haiifikii. Mara nyingi imefungwa chini ya kadi ya picha inayotoa moto wake yenyewe, au ndani ya kompyuta mpakato iliyolazwa juu ya godoro. Kipande cha alumini chenye mapezi, cha bei ndogo, hutosha kushusha joto kwa nyuzi 10 au zaidi. Ila kabla ya kukifunga, bandua utando wa plastiki unaokuja juu ya ile pedi laini. Mafundi wengi husahau, na utando huo huzuia joto lisipite. Mwenye kompyuta akabaki na alumini baridi juu ya chipu inayoungua. Na usibandue stika ya mtengenezaji kwa kudhani unasaidia. Baadhi zina tabaka la shaba ndani kwa ajili ya kusambaza joto, na ukizitoa, udhamini nao umekwenda.

Hapa ndipo SSD inapokuwa na tabia ya ajabu. Chipu za kuhifadhi zinapenda kuandikwa zikiwa na joto. Kuandika na kufuta huzichosha kidogo kila mara, na joto husaidia kuponya sehemu ya uchovu huo. Lakini zikizimwa, mambo hugeuka: joto hurahisisha elektroni zilizonaswa kutoroka, na elektroni zikitoroka data inafutika. Hapo ndipo Arrhenius, tuliyemwacha mwanzoni, ana haki yake. Kwa makadirio yanayotumika kwenye fani hii, kila nyuzi 5 zinazoongezeka katika mahali pa kutunzia SSD iliyozimwa hukata muda wa data kubaki salama kwa karibu nusu.

Kiwango kinachotumiwa na watengenezaji, JESD218 cha taasisi ya JEDEC, kilichotolewa mwaka 2010, kinasema hivi: SSD ya mtumiaji wa kawaida, iliyotumika kwenye nyuzi 40 hadi kumaliza kiasi chote cha uandishi ilichoahidiwa, lazima itunze data mwaka mzima bila umeme kwenye nyuzi 30. SSD ya seva, iliyotumika kwenye nyuzi 55, inadaiwa miezi mitatu tu kwenye nyuzi 40. Mwaka 2015 slaidi za maelezo ya kiwango hiki zilisambaa, na magazeti ya teknolojia yakaandika kwamba SSD isiyo na umeme hupoteza data ndani ya siku chache. Taharuki ikawa kubwa. Waliosoma kwa utulivu waliona kilichorukwa: masharti yale ni ya diski iliyokwisha kuchakaa, si mpya. SSD yenye mwaka mmoja wa matumizi ya nyumbani inatunza data muda mrefu zaidi kuliko hivyo.

Hata hivyo hofu ile ilikuwa na chembe ya ukweli kwa watu wa kwetu. Duka lililofungwa, bati juu, likizo ya wiki kadhaa, hesabu za biashara ziko kwenye SSD ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi ya Ulaya ikiwa imeandikwa sana. Au gari lililoegeshwa juani Muscat mwezi wa Juni, ndani likizidi nyuzi 60, na kompyuta mpakato iko kwenye kiti cha nyuma. SSD si mahali pa kuzika kumbukumbu na kuzisahau. Kama unataka kuweka nakala kabatini kwa miaka, hadi diski iliyozimwa, iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vipaketi vya kunyonya unyevu, ni chaguo bora.

Kuhusu kupima, kazi si ngumu, lakini ina mitego. Diski karibu zote zina mfumo wa kujipima unaoitwa SMART. Kwenye Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huusoma. Kwenye Linux na kwingineko kuna smartctl. Kwenye hadi diski na SSD za SATA, joto kwa kawaida liko kwenye mstari namba 194, wakati mwingine 190. Mstari huo huwa na safu kadhaa za namba, na wengi husoma isiyo yake. Namba iliyosawazishwa, yenye kuanza mara nyingi na 100 ikishuka kadiri joto linavyopanda, si nyuzi. Diski yenye nyuzi 35 inaweza kuonyesha 65 kwenye safu hiyo, na mtu akakimbilia feni bila sababu. Unayoitaka ni safu ya thamani ghafi. Kwenye NVMe kiwango chenyewe hutunza joto kwa kipimo cha Kelvini, kwa hiyo ukikuta programu ya ovyo inakuambia diski yako ina 313, toa 273 upate 40, uendelee na chai yako. Baadhi ya NVMe huonyesha vipimajoto viwili au vitatu. Kimoja kwa kawaida kiko kwenye kidhibiti, na hicho mara nyingi kitakuwa juu zaidi.

Usipime diski ikiwa imepumzika ukaridhika. Pima baada ya dakika 20 za kazi halisi, saa ya mchana yenye joto kali kuliko zote, kifuniko kikiwa kimefungwa kama kinavyokuwa siku zote. Hadi diski ikiwa chini ya 45, achana nayo. Ikikaa kwenye 50, futa vumbi na uangalie feni. Ikivuka 55 kwa kazi ya kawaida, hamisha kifaa. NVMe iache mpaka 70; kuanzia hapo itafutie hewa. Na hadi diski inayoonyesha nyuzi 20 katika chumba chenye kiyoyozi pwani haikupi sifa yoyote. Ongeza joto la kiyoyozi uokoe umeme.

Rekoda za CCTV nimezitaja mara moja, nazirudia kwa sababu ndizo zinazoteswa kuliko vifaa vyote. Huandika saa 24, hazipumziki, na wafungaji hupenda kuzificha: juu ya dari, ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli, nyuma ya jokofu la duka. Mwenye duka hugundua diski imekufa siku anapohitaji picha za mwizi. Anayefungiwa rekoda amwambie fundi aiweke chini, kivulini, mahali penye hewa, hata kama waya utazidi mita chache, na aombe kuonyeshwa ukurasa wa hali ya diski kabla hajalipa. Diski ya nje ya USB nayo, yenye kasha la plastiki lisilo na tundu hata moja, isibanwe kati ya vitabu wakati inanakili gigabaiti mia tano. Isimamishe wima, ielekezee pangaboi.

Vumbi ndilo lililobaki, na hapo hakuna nadharia. Vumbi la barabara ya udongo likifunika mapezi na feni hufanya blanketi, na likichanganyika na unyevu wa chumvi huwa njia ya umeme isiyotakiwa kati ya saketi. Brashi laini ya rangi na dakika kumi kila baada ya miezi mitatu hufanya kazi kuliko feni mpya.

Baada ya yote hayo, kipimajoto kisikupe imani kisiyoweza kuibeba. Katika utafiti wa Google, zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa zilikufa bila ishara hata moja kwenye vipimo vyote vya SMART, ukiacha joto, ambalo lenyewe halikuwa mtabiri wa kutegemewa. Diski yenye nyuzi 38 safi asubuhi inaweza kuwa imekufa jioni. Kwa hiyo kama hesabu za duka, picha za watoto au tasnifu yako ziko mahali pamoja tu, weka kitabu hiki pembeni sasa, uzinakili kwenye diski ya pili, na diski hiyo uipeleke ikakae nyumba nyingine.